Pembetatu pacha: namna ya kuichora, kuikokotoa na kuitumia, kuanzia daftarini hadi ziwani

Mwanafunzi wa darasa la sita ukimwuliza sifa za pembetatu pacha atakughania kama shairi: pande mbili sawa, pembe mbili sawa, mstari mmoja wa ulinganifu, kimo hugawa kitako nusu kwa nusu. Swali likija limegeuzwa kidogo tu, shairi linakatika. Mimi nashikilia kwamba sifa hizo si nne wala tano, ni moja: pembetatu hii ukiikunja katikati, nusu moja hulala juu ya nyingine bila kuacha ncha nje. Ukiielewa hiyo, zilizobaki utazitoa mwenyewe bila kukariri.

Andaa mkebe wa hesabu (rula, bikari na kipimapembe), karatasi, mkasi na uzi. Kwa kazi za nje, zitakazokuja mbele, utahitaji mbao chache, misumari na jiwe. Jiwe, kwa mkazi wa Mwanza, halitafutwi.

Sehemu zake

Pembetatu pacha ni pembetatu yenye pande mbili za urefu sawa. Ncha zake tuziite A, B na C, na tuseme AB ni sawa na AC. Hizo ndizo pande pacha. Upande wa tatu, BC, ni kitako. Ncha A, zinapokutana pande pacha, ni kilele. Pembe iliyoko A ni pembe ya kilele, na zilizoko B na C ni pembe za kitako.

Kitako si lazima kiwe upande wa chini. Kitako ni upande usio na pacha, popote ulipo. Watunga mitihani wanalijua hili fika, ndiyo maana huilaza pembetatu ubavu au kuisimamisha kichwa chini. Kabla hujaandika namba yoyote, tafuta vile vistari vidogo vinavyokatiza pande zilizo sawa, weka kidole pale pande hizo zinapokutana, na useme: kilele hiki hapa. Makosa mengi ya mada hii huishia hapo.

Pembetatu sawa, ile yenye pande zote tatu sawa, nayo imo humu humu. Upande wake wowote unaweza kuwa kitako.

Kuichora

Tuchore yenye kitako cha sentimita 6 na pande pacha za sentimita 5.

1. Chora BC, sentimita 6, kwa rula.
2. Fungua bikari kwa sentimita 5 ukiipima juu ya rula, kisha usiisogeze mpaka umalize. Usawa wa pande mbili unatokana na bikari ambayo haikusogea, si jicho lako.
3. Choma sindano kwenye B, chora tao juu ya kitako. Hamia C, chora tao la pili likatize la kwanza.
4. Makutano ndiyo A. Unganisha A na B, A na C.

Bikari za mkebe wa bei rahisi hulegea skrubu na kuteleza katikati ya kazi. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, iache. Kata kipande cha kadibodi, toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 5, tundu moja uliweke pini na la pili ncha ya penseli. Kadibodi haitelezi.

Jaribu pia kitako cha sentimita 11 na pande zile zile za 5. Matao hayatakutana, hata uchore mpaka kesho. Pande pacha zikijumlishwa ni lazima zizidi kitako, na 5 na 5 ni 10 tu. Kumbuka sheria hii, maana tutaihitaji kwenye maswali ya mwisho.

Kuikunja

Kata pembetatu uliyochora kwa mkasi. Shika ncha B, ilaze juu ya ncha C, bonyeza mkunjo kwa ukucha, kisha fungua. Mkunjo umeanzia kwenye kilele A na kuteremka hadi kwenye kitako, mahali tutakapopaita D. Sasa kagua polepole.

Pembe B ililala juu ya pembe C na zikafunikana: pembe za kitako ni sawa. Kipande BD kililala juu ya DC: kila kimoja ni sentimita 3. Pembe ya kilele imegawanyika vipande viwili vilivyofunikana, navyo ni sawa. Kwenye D kuna pembe mbili zilizofunikana, na kwa pamoja zinakaa kwenye mstari mnyoofu wa nyuzi 180, kwa hiyo kila moja ni nyuzi 90. Pima AD: sentimita 4 kamili.

Mkunjo mmoja, basi, unafanya kazi nne. Ni kimo, ni mgawaji wa kitako, ni mgawaji wa pembe ya kilele, na ni mstari wa ulinganifu. Ukitaka kuona jinsi hilo lilivyo la pekee, chora pembetatu guni yenye pande za 4, 5 na 7. Kutoka kwenye ncha inayotazamana na upande wa 7, teremsha kimo, kisha mstari wa kwenda katikati ya upande huo, kisha mstari wa kugawa pembe. Utapata mistari mitatu inayotua sehemu tatu tofauti. Kwenye pembetatu pacha yote hulala pamoja. Na kinyume chake ni kweli: ukikuta miwili tu kati ya mistari hiyo imekuwa mmoja, pembetatu uliyonayo ni pacha. Fundi hutumia jambo hili kila siku, kama tutakavyoona.

Uthibitisho

Karatasi hushawishi, lakini haithibitishi, kwa sababu huenda mkono ulipinda mahali. Uthibitisho ni huu. Chora AD inayogawa pembe ya kilele sawa kwa sawa. Linganisha pembetatu ABD na ACD. AB na AC ni sawa, tumepewa. AD ni ya zote mbili. Pembe zilizo katikati ya pande hizo ni sawa, maana tumezigawa wenyewe. Pembetatu mbili zikilingana pande mbili na pembe iliyo kati ya pande hizo, zinalingana kila kitu. Kwa hiyo pembe B ni sawa na pembe C, BD ni sawa na DC, na pembe mbili za pale D ni sawa.

Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka hoja hii ya tano katika kitabu chake cha kwanza, na kuithibitisha kwa mistari mingi ya ziada. Ulaya ikaja kuibandika jina la daraja la punda, kwa madai kwamba mwanafunzi mzito hukwamia hapo. Karne kadhaa baadaye Pappus, wa Alexandria pia, alitoa njia fupi ya kushangaza: usichore mstari wowote. Linganisha pembetatu ABC na pembetatu ACB, yaani yenyewe kwa yenyewe, ikiwa imegeuzwa. AB ni sawa na AC, AC ni sawa na AB, na pembe A ni ile ile. Basi B ni sawa na C. Wanafunzi wengine hudhani ni kiini macho, kumbe ni ule mkunjo wetu, umeandikwa tu bila karatasi.

Sisi huku tuna daraja ambalo hata punda amevushwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina takriban kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na kwenye minara yake ya kati nyaya zimetandazwa huku na huku. Chukua waya wa kulia na mwenzake wa kushoto walioshikwa kimo kimoja: pamoja na barabara chini yao wanaunda pembetatu pacha, na mnara ndio mkunjo.

Hoja ya kinyume nayo ikae kichwani: pembetatu yenye pembe mbili sawa ina pande mbili sawa, zile zinazotazamana na pembe hizo.

Kukokotoa pembe

Pembe za pembetatu hufikia jumla ya nyuzi 180, na za kitako ni sawa. Hayo mawili yanatosha.

Pembe ya kilele ni 40? Toa kwenye 180, inabaki 140, gawa kwa mbili: kila pembe ya kitako ni 70. Pembe ya kitako ni 35? Zidisha kwa mbili, 70, toa kwenye 180: kilele ni 110. Hapo hakuna tatizo.

Tatizo ni swali hili: "Pembe moja ya pembetatu pacha ni nyuzi 50. Tafuta nyingine." Halijasema ni pembe ipi, kwa hiyo majibu ni mawili. Kama 50 ni kilele, nyingine ni 65 na 65. Kama 50 ni ya kitako, nyingine ni 50 na 80. Anayeandika moja amefanya nusu ya kazi. Lakini pembe uliyopewa ikiwa nyuzi 90 au zaidi, jibu ni moja, kwa sababu pembe mbili za ukubwa huo hazienei ndani ya 180. Pembe ya 100 haina pa kukaa ila kileleni, na wenzake ni 40 na 40. Ikiwa 60, vyovyote utakavyoiweka zote zinatoka 60.

Jingine ni pembe ya nje. Refusha upande BA uvuke kilele. Pembe iliyo nje, kati ya urefusho huo na AC, ni sawa na jumla ya pembe mbili za kitako, yaani mara mbili ya mojawapo. Wengi huiruka kama jambo dogo, nasi tutaihitaji ziwani.

Kimo na eneo

Mkunjo umekuachia pembetatu mraba mbili, na penye pembe mraba Pythagoras anaingia. Kimo kwa kipeo cha pili ni sawa na upande pacha kwa kipeo cha pili, ukitoa nusu ya kitako kwa kipeo cha pili. Kwa ile yetu ya 5, 5 na 6: 25 toa 9 ni 16, kipeuo chake ni 4. Eneo ni nusu ya 6 mara 4, sentimita za mraba 12. Kosa la kawaida ni kutumia kitako kizima badala ya nusu yake.

Sasa badilisha kitako kiwe 8, pande pacha zibaki 5. Nusu ya kitako ni 4, kimo ni 3, eneo ni nusu ya 8 mara 3. Ni 12 tena! Jaribu 13, 13 na 10: kimo 12, eneo 60. Halafu 13, 13 na 24: kimo 5, eneo 60. Si bahati. Chukua zile pembetatu mraba mbili ulizopata kwa kukunja. Ukiziunganisha kwa upande mmoja wa pembe mraba unapata pembetatu pacha ya kwanza, na ukiziunganisha kwa upande wa pili unapata nyingine. Vipande ni vile vile, kwa hiyo eneo haliwezi kubadilika. Zikate kwa kadibodi uzigeuzegeuze mezani. Mtoto akiliona hili mara moja hutamwona tena akisema umbo lililosambaa zaidi ndilo lenye eneo kubwa.

Kwenye kenchi

Tuseme unapaua banda la upana wa mita 6, paa la pande mbili, kimo cha mita 1.25 kutoka mbao ya chini ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) hadi juu. Mbao ya mteremko iwe na urefu gani? Nusu ya upana ni 3. Kipeo cha pili cha 3 ni 9, cha 1.25 ni 1.5625, jumla ni 10.5625, na kipeuo chake ni 3.25. Kila upande mita 3 na sentimita 25, kabla ya kuongeza ile sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Pembe ya mteremko ni kama nyuzi 22.6, na ya kileleni kama 134.8. Kila mbao ikikatwa kwa nusu ya pembe hiyo ya kileleni, kama 67.4, zitabusiana vizuri juu.

Kenchi ikishasimama hukaguliwa mara mbili. Kwanza tepu, kutoka juu hadi ukutani, pande zote mbili.

"Dogo, inasoma ngapi?"

"Tatu na robo, fundi."

"Na huku tatu na robo. Haya, leta timazi."

Timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, linaning'inizwa kileleni, nalo linapaswa kugusa katikati ya mbao ya chini, mita 3 kutoka kila upande. Lakini hilo ni kweli pale tu mbao ya chini ikiwa imelala sawasawa. Timazi hufuata dunia, halifuati mbao. Kwa nyumba zetu za milimani hapa Mwanza, Igogo au Bugando, ambako msingi mmoja unakaa juu ya mwamba na mwingine umejazwa mawe, hili si jambo la kupuuza. Kuta zikipishana kimo, timazi litahama kuelekea ukuta wa chini hata kama mbao zote mbili ni sawa kabisa. Kwa hiyo kagua kwanza ulalo wa mbao ya chini kwa pimamaji, ndipo timazi. Ukifuata mpangilio wa kinyume utamlaumu aliyekata mbao wakati kosa ni la ukuta.

Fremu ya A

Kasoro hiyo ya timazi inaweza kugeuzwa kuwa kifaa. Ukitaka kukata makinga maji kwenye bustani iliyoko mtelemkoni, unahitaji kujua sehemu zilizo kimo kimoja ili maji yasikimbie na udongo. Pembetatu pacha itakuonyesha.

Chukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja sentimita 130. Ipigilie msumari mmoja juu, kisha itanue mpaka miguu iachane sentimita 100. Kila mguu uwekee alama sentimita 65 kutoka kwenye msumari, na upigilie ubao wa mlalo kwenye alama hizo mbili. Kati ya alama hadi alama utapata sentimita 50. Ubao huo umetengeneza pembetatu pacha ndogo ndani ya kubwa, yenye kilele kile kile, hivyo pembe zake za kitako ni sawa na za kubwa, na ubao unakwenda sambamba na mstari wa miguu. Funga uzi kwenye msumari wa juu, ning'iniza jiwe lipite chini ya ubao. Miguu ikiwa kimo kimoja, uzi ni kimo cha pembetatu, na utakatiza ubao katikati, sentimita 25 kutoka kila alama.

Kwa kuwa miti ya porini haiwi sawa kama rula, usiamini katikati ya tepu. Simamisha fremu mahali popote, weka kigingi chini ya kila mguu, na chora alama pale uzi ulipotulia juu ya ubao. Geuza fremu, mguu wa kulia uende kwenye kigingi cha kushoto na wa kushoto kwenye cha kulia. Chora alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo alama yako ya kweli, hata kama mguu mmoja ni mfupi kidogo.

Kisha anza kazi. Mguu mmoja ukae kwenye kigingi cha kwanza, wa pili uusogeze juu au chini ya mteremko mpaka uzi utulie kwenye alama ya kweli. Piga kigingi hapo. Zungusha fremu juu ya kigingi hicho, endelea. Vigingi vyote viko kimo kimoja, na vimeachana mita moja moja. Usahihi unaridhisha: mguu mmoja ukiwa juu kwa sentimita 1, uzi huhama karibu milimita 6 kuelekea mguu wa chini, na hilo linaonekana kwa macho. Upepo wa mchana utokao ziwani ndio adui. Fanya kazi hii asubuhi, au tafuta jiwe zito zaidi.

Kupima umbali juu ya maji

Jiwe la Bismarck limesimama majini, Ziwa Victoria, hapa Mwanza karibu na kivuko cha Kamanga. Liko umbali gani kutoka ufukweni? Hakuna haja ya kulowa. Kata karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona, nayo itakupa nyuzi 45 upande mmoja na 90 upande mwingine. Tafuta sehemu ya ufukwe iliyonyooka, simama mahali ambapo jiwe linakuwa nyuzi 90 na mstari utakaotembea. Weka alama. Tembea kunyooka mpaka uone jiwe kwa nyuzi 45 na njia uliyopita. Pembetatu uliyounda ina pembe za 90, 45 na 45, ni pacha, na hatua ulizotembea ni sawa na umbali kutoka alama yako hadi kwenye jiwe. Ukikosea pembe kwa nyuzi moja, unakosea takriban mita 3 na nusu katika kila mita 100, kwa hiyo usipige chabo haraka haraka.

Ukiwa ndani ya chombo kuna njia nzuri zaidi, ambayo mabaharia huitumia. Boti inakwenda kunyooka, na mbele kulia kuna mwamba. Pima pembe kati ya uelekeo wa boti na mwamba. Tuseme ni nyuzi 30. Endelea bila kugeuza usukani mpaka pembe hiyo iwe mara mbili, yaani 60. Umbali boti iliousafiri kati ya vipimo hivyo viwili ndio umbali uliobaki kutoka boti hadi kwenye mwamba.

Sababu ni ile pembe ya nje. Mahali pa kwanza tupaite P, pa pili Q, na mwamba M. Pembe ya 60 pale Q iko nje ya pembetatu PQM, hivyo ni jumla ya pembe P na pembe M. P ni 30, basi M nayo ni 30. Pembe mbili sawa, pande mbili sawa: PQ ni sawa na QM. Hapa kilele ni boti yenyewe. Si lazima iwe 30 na 60. 20 na 40 itafanya kazi, ilimradi ya pili iwe mara mbili ya kwanza na chombo kisipeperushwe pembeni.

Jipime

1. Pembe moja ya pembetatu pacha ni nyuzi 70. Andika majibu yote.
2. Pande pacha ni sentimita 10, kitako 16. Tafuta eneo, kisha tafuta kitako kingine kitakachotoa eneo hilo hilo kwa pande pacha zile zile.
3. Mzingo wa pembetatu pacha ni sentimita 20 na upande mmoja ni 8. Pande nyingine ni zipi? Je, upande huo ungekuwa 4, majibu yangekuwa yapi?
4. Pembe ya kitako ni mara mbili ya pembe ya kilele. Tafuta pembe zote.

Majibu. La kwanza: 70, 70 na 40, au 70, 55 na 55. La pili: kimo ni 6, eneo ni sentimita za mraba 48, na kitako kingine ni 12, ambacho kimo chake ni 8. La tatu: 8, 8 na 4, au 8, 6 na 6. Upande ukiwa 4, jibu ni moja tu, 4, 8 na 8, maana 4, 4 na 12 matao yake hayakutani. La nne: kilele ni 36, na kila pembe ya kitako ni 72.